Boksibodi Badala ya Ng'ombe Wawili

Werugha,
2 Aprili 1957

Mkwe wangu Dishon,

Salamu zitafuata. Kwanza gari. Limezimika jana mchana kwenye kona za kupanda kutoka Mwatate, na Obadiah dereva anasema hajui sababu. Namwamini. Alifungua boneti, akatazama, akafunga.

Sasa salamu. Hujambo? Sisi hatujambo. Mable hajambo pia. Homa ya Voi ilimtoka wiki ileile aliyofika huku kwenye baridi, na sasa anakula. Miguu imevimba kidogo kama ya mjamzito yeyote wa mwezi wa nane. Anakusalimu.

Nirudi kwenye gari. Nilikuwa ndani, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Tulitoka Voi injini ikiimba vizuri. Tulipoyapita mashamba ya mkonge ikaanza kurukaruka kama punda aliyekanyaga mwiba. Kilimani ikakohoa, ikavuta, ikakohoa tena, ikafa. Tukakaa kando ya barabara na mizigo yetu, watu wakipita kwa miguu wakituuliza kama tunauza gari au tunalilinda. Baadaye likawaka kana kwamba halikutukosea, na kabla ya Wundanyi likafa mara ya pili.

Wiki iliyopita lilifanya hivyohivyo tukishuka, pale tambarare. Kabichi zetu zilifika stesheni treni ya Mombasa imekwisha kuondoka. Unajua joto la Voi linavyofanya kabichi.

Nakukumbusha jambo ambalo si la kuandikwa, ila wewe ndiwe unayenilazimisha. Mahari ya Mable yalibaki ng'ombe wawili. Ulisema ng'ombe wa kwenu ziwani watakufa njiani, ukaleta gari hili la boksibodi, lenye boksi la mizigo nyuma, lililokwisha kutumikia mabwana watatu. Wazee walicheka. Mimi nikakubali, kwa sababu ng'ombe habebi kabichi. Lakini ng'ombe wa mahari akikohoa kabla ya mwaka kwisha, mkwe humrudisha zizini kwake na kuleta mzima. Sijasema nalirudisha. Nasema linakohoa.

Kitu kimoja tu kimepona kwenye gari hilo: maziwa yetu hayanuki petroli tena. Hoteli ya Voi ilikuwa ikiyarudisha. Hilo nililitengeneza mwenyewe bila fundi.

Obadiah atakuachia gari keshokutwa.

Mama mkweo,
Loise


Voi,
6 Aprili 1957

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mable vilevile. Mimi ni mzima, ila mikono imeungua kidogo kwa sababu sikungoja injini ipoe.

Nimelifanyia kazi gari jioni mbili baada ya zamu. Plagi zilikuwa nyeusi kama masizi ya chungu, nimeweka mpya. Kabureta nimeifungua yote na kuiosha. Pampu ya mafuta nimeipima, inavuta. Waya mmoja ulikuwa umeliwa na panya, nimeubadilisha. Kisha nikaendesha hadi Maungu na kurudi. Nikiwa Maungu nilisimama kupima mafuta kwa kijiti, maana geji yake ilikufa zamani, nikageuza nikarudi. Halikukohoa hata mara moja. Oduor, mwenzangu wa karakana ya reli, alikuwa nami. Alisema injini hii sasa ingeweza kuchezewa dansi.

Mama, nina ombi. Barua imetoka kwa mama yangu, Ugenya. Anauliza kwa nini mke wangu bado yuko kwenu na siku zinakaribia. Kwetu binti aliyeolewa hazalii nyumbani kwa mama yake. Ni jambo zito. Mtoto akizaliwa hivyo, mimi na yeye tutanyooshewa kidole kila nitakaporudi. Namwomba Mable ashuke kabla mwezi huu haujaisha. Gari limepona. Obadiah amlete polepole.

Mkweo,
Dishon


Werugha,
10 Aprili 1957

Dishon,

Gari halijapona. Limezimika jana, mahali palepale, na safari hii pia nilikuwa ndani.

Hujambo? Hapa kuna ukungu na mvua, na Mable ana usingizi mwingi. Wengine tu wazima wa mwili.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Plagi, kabureta, pampu, panya. Kila ulichokigusa umekitaja, lakini ugonjwa hukuutaja. Mganga anayempa mgonjwa dawa zote za kabatini hajui anaumwa nini. Na unaniandikia kwamba huko Maungu halikukohoa. Mimi siishi Maungu. Unazijua injini za treni, sikatai, lakini treni haipandi Wundanyi.

Jana tuliketi kwenye kona mpaka Obadiah akaanza kuimba nyimbo za kanisa. Nikamwambia anyamaze, hatujafiwa. Mwanamke mmoja wa Wusi aliyepanda nasi akaniuliza, "Mama Mable, hii ndiyo ile ng'ombe ya mkwe wako?" Wote wakacheka. Obadiah naye akacheka, anayelishwa na gari hilohilo.

Ama kuhusu Mable: hatapanda. Basi la Wundanyi halifiki tangu mvua ibomoe ukingo wa barabara, kwa hiyo njia ni gari lako au miguu. Sitamweka binti yangu na tumbo lile ndani ya kitu kinachokufa pale tambarare, tembo wakivuka wanapotaka. Atajifungulia hapa, kwenye chumba alichozaliwa yeye mwenyewe. Mwambie mama yako huko Ugenya kwamba si mila yetu iliyomzuia. Ni injini yako.

Mama mkweo,
Loise


Voi,
13 Aprili 1957

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Nasikitika kusikia habari ya kona.

Nitasema kwa heshima, lakini nitasema. Gari hili linapokuwa mikononi mwangu haliumwi. Linapopanda kwenu linaumwa. Kila mara linarudishwa kwangu likiwa zima, Obadiah analiwasha mbele yangu, linanguruma sawasawa, halafu naambiwa mimi ni mganga asiyejua ugonjwa. Fundi gani anatibu kikohozi ambacho hajawahi kukisikia? Nimemuuliza Obadiah linakohoa vipi. Amejibu, "Linakohoa tu, shemeji." Huyo ndiye shahidi niliyepewa.

Na kusema kwamba injini yangu ndiyo inayomzuia Mable, Mama, hilo limeniuma. Mimi sikulichagua gari kwa kubahatisha. Nililala chini yake siku nzima kabla ya kulichukua. Mama yangu nimwambie nini? Kwamba mjukuu wake wa kwanza amezaliwa mahali pasipopasa kwa sababu ya kitu ambacho mwanawe anakitengeneza kila siku?

Dawa ni moja. Lazima nipande ndani yake, likiwa na mzigo, njia nzima, mpaka life mbele yangu. Najua unasafiri nalo kila mara kwa sababu ya hesabu za soko. Najua pia mkwe na mama mkwe hawapandi gari moja, kwetu na kwenu. Ndiyo maana sikuwahi kuja. Alhamisi ijayo, kabla ya Ijumaa Kuu, nina ruhusa kazini. Nitalala nyuma kwenye boksi, chini ya turubai, kati ya magunia. Wewe utakuwa mbele na Obadiah. Hutaniona nami sitakuona. Sikio langu ndilo litakalosafiri.

Ukikataa, nitaelewa. Lakini basi usiniite mganga.

Mkweo,
Dishon


Werugha,
15 Aprili 1957

Dishon,

Mable anakusalimu. Sote wazima.

Nimekubali. Utaingia chini ya turubai kabla sijafika kwenye gari, na hutatoka mpaka nimegeuka. Obadiah atasimama katikati yetu. Usikohoe, maana nitadhani ni gari.

Mama mkweo,
Loise


Voi,
22 Aprili 1957

Mama,

Shikamoo. Natumaini Pasaka imepita kwa amani na umefika nyumbani bila uchovu. Mimi nilishuka kwa miguu hadi Mwatate, nikarudi Ijumaa na lori la mkonge.

Ulikuwepo, lakini ulikuwa umegeukia kilima na leso usoni, kwa hiyo naandika ulichokisikia bila kukiona.

Tulipoondoka Voi injini ilikuwa safi. Baada ya mashamba ya mkonge nikasikia mguno mdogo, kama mtu anayenyonya kwa mrija kikombe kikiwa karibu kwisha. Hapo nilijua si plagi. Ni njaa. Injini ilikuwa inaomba petroli na haipewi, ingawa tangi nililijaza kwa mkono wangu asubuhi ile. Kilimani ikafa. Niliposikia Obadiah anasema, "Shemeji, toka, Mama amegeuka," nilitoka nikaenda moja kwa moja kwenye tangi, nikafungua kifuniko. Ule mlio uliousikia, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini, ulikuwa hewa inaingia.

Tangi hupumua, Mama. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake, la sivyo tangi hunyonya kwa ndani mpaka pampu ishindwe. Kifuniko kina kitundu kidogo juu yake kwa kazi hiyo. Kitundu kilikuwa kimezibwa kwa nta, na vumbi limeifunika nta, ikaonekana kama uchafu wa kawaida. Ndiyo maana halikufa safari ya Maungu: nilifungua kifuniko kupima mafuta, likavuta pumzi. Ndiyo maana pia lilikuwa linawaka lenyewe baada ya kuketi. Hewa ilikuwa inapenya kidogokidogo.

Niliitoa nta kwa msumari. Kutoka hapo hadi Wundanyi halikukohoa, na mzigo ni uleule. Hilo umelisikia.

Obadiah aliniuliza ni nani aliyeziba. Nilimwambia ni nyigu, hupenda vitundu. Basi tuseme ni nyigu.

Mable sasa anaweza kushuka. Naomba.

Mkweo,
Dishon


Werugha,
25 Aprili 1957

Mkwe wangu Dishon,

Gari lilishuka Voi na kurudi jana bila kusimama, na treni ya Mombasa tuliikuta ingali inapakia. Obadiah anasema hivyo, nami nilikuwepo.

Hujambo? Sisi wazima. Mable amefunga mizigo yake tangu Jumatatu na anakaa juu yake kama abiria.

Kuhusu nyigu. Nyigu hujenga kwa udongo. Mwenye nta ni nyuki, na nyuki hakai kwenye petroli. Mtu mzima hafichwi nyuma ya mdudu. Niliziba mimi, kama tunavyoziba vibuyu vya asali, kwa sababu petroli ilikuwa ikiruka kwenye kona na kuyanukisha maziwa, na hoteli ikayarudisha mara mbili. Nilikuandikia kwamba nimelitengeneza. Hukuniuliza nimelitengeneza vipi. Nadhani uliona ni mambo ya maziwa, mambo ya wanawake.

Sitaomba msamaha kwa jambo ambalo hakuna mwanaume aliyenifundisha. Ulipolileta gari hapa ulimwonyesha Obadiah maji, mafuta, magurudumu na kila kilichomo. Mimi mwenye gari nilikuwa nyuma ya mlango, kwa heshima yako, nikisikia nusu. Tangi hupumua: nani aliniambia? Na nyinyi wawili, wewe na Obadiah, mmekifungua kifuniko kile kila mlipotia mafuta, mkakiweka juu ya bodi, mkakirudisha, na hakuna aliyekitazama. Mlikuwa mkichungulia ndani ya tangi. Hasira yangu bado haijapoa, na sitaki uidhani imepoa kwa sababu gari linakwenda.

Lakini haki ni haki. Jana jioni niliwaita wazee waliocheka, nikawaambia ng'ombe wawili wa Mable wameingia zizini, wote wazima, na aliyewaziba pua ni mimi. Mzee Thadeus alitaka kucheka tena, akaniangalia, akaacha. Mwanamke yule wa Wusi atasikia Jumapili kanisani.

Maziwa nimeyahamishia mbele, miguuni pangu. Kitundu kiko wazi.

Mtoto atazaliwa kwako, kama mama yako anavyotaka. Tutaondoka hapa Jumatatu tarehe 29, saa moja asubuhi, Mable akiwa katikati yangu na Obadiah. Tutakwenda polepole, na Mwatate tutasimama anyooshe miguu. Saa nne uwe mlangoni pako, nyumba za reli. Mpokee mkeo kwa mikono miwili. Mimi nitakuwa nimetazama upande wa pili.

Mama mkweo,
Loise