Mafuta ya Ng'ombe Kwenye Gurudumu

Jumapili, 8 Juni
Kanisani kwa miguu tena. Gari linavuma gurudumu la mbele kushoto. Beringi imekwisha. Alhamisi lazima nimfikishe Mama hospitali ya Haydom, apasuliwe mtoto wa jicho. Daktari wa macho ni mgeni, Ijumaa anaondoka. Mama hapandi basi: mara ya mwisho alikanyaga kuku wa mtu, akatukanwa safari nzima.
Jirani yangu Tluway, fundi magari, kanikuta mlangoni mwa kanisa. "Baba Neema, gurudumu siyo redio. Ukikosea haliishii kukoroma." Nimecheka. Natengeneza redio na simu miaka yote hii, hakuna aliyenifundisha. Nitafungua mwenyewe.

Jumatatu, 9 Juni
Beringi nimepata Mbulu mjini. Jeki. Mawe nyuma ya magurudumu. Nati imegoma hadi saa nane. Pete ya beringi ya zamani imetoka kwa tindo na nyundo, pamoja na ngozi ya kidole changu. Sikula. Siyo maumivu. Hasira.

Jumanne, 10 Juni
Pete mpya zimeingia. Nimefungua kopo la grisi: limekombwa. Shemeji kaimalizia kwenye mashine yake ya kusaga. Kwa Tluway grisi ipo, ni hatua chache tu. Sikwenda. Marehemu baba alipaka ekseli ya mkokoteni mafuta ya ng'ombe maisha yake yote, na mkokoteni haukulia. Jikoni kulikuwa na bakuli zima. Nimejaza beringi, nimefunga, nimekwenda hadi shuleni na kurudi. Kimya. Nilipopita kwa Tluway nikapiga honi. Makusudi.

Jumatano, 11 Juni
Situlii. Mbwa wa jirani kalala kwenye gurudumu la kushoto tangu asubuhi. Nimemfukuza mara nne. Nikajiambia anatafuta kivuli. Kulikuwa na mawingu.
Mchana nikamzungusha Mama azoee kiti. Tukiteremka mlima akauliza, "Nani anachoma nyama?" Hapo hakuna nyumba. Nikasimama. Katikati ya gurudumu hapagusiki. Mafuta yameyeyuka, yanatiririka kuelekea breki. Mkokoteni wa baba ulikwenda mwendo wa ng'ombe. Hilo sikulifikiria.
Nimeogopa. Njia ya kesho ina miteremko mirefu kuliko ule.
Nikaenda kwa Tluway. Akafungua gurudumu. Akanusa. "Umesahau chumvi." Mke wake akacheka hadi akakaa chini. Tumeosha kila kitu, breki mara mbili. Mpira mpya wa kuzuia mafuta, grisi yake. Nati kanilazimisha nifunge mwenyewe, mara tatu, mpaka gurudumu likazunguka bila kucheza. Aibu tupu. Lakini nimejua.

Alhamisi, 12 Juni
Tumefika saa nne. Njiani nilisimama mara tano kwenda kugusa gurudumu. Vuguvugu tu. Mama hakuona nafanya nini, akadhani nakwenda haja ndogo. "Mwanangu, tukifika na wewe wakupime."
Ameingia chumba cha upasuaji. Mimi nje, nikinusa vidole vyangu.

Jumapili, 15 Juni
Bendeji imetoka. Mama anachambua maharage uani, vijiwe anavitupa mbali. Ameitazama mikono yangu muda mrefu, akaniambia nikanawe.
Mbwa amekuja. Amenusa gurudumu, ameondoka.