Mrudishe Babu Dukani

Renata,

Nimekwenda kwenye misa ya kumwombea babu yako. Sosi ya Jumapili iko jikoni. Ikoroge isishike chini, na usianze kuchovya mkate kabla sijarudi.

Nimeondoka bila kukuaga kwa sababu ningelia. Asubuhi uliniita, "Bibi, njoo uone, Babu Ottavio kapigwa risasi, himaya yote kwisha," ukacheka. Kumbe kwenye huo mchezo wako wa kompyuta wa majambazi, mkuu wa genge umempa jina la babu yako. Renata, watu wa namna hiyo ndio waliomchomea duka la mikate alipokataa kuwalipa pesa za ulinzi. Amekufa hajawaamkia, na mji mzima wa Providence unajua.

~~Futa jina lake kabla sijarudi.~~

La, usilifute. Nimeona umempa kofia yake nyeupe na masharubu yake yaliyopinda upande mmoja. Hata mimi nilikuwa nimeyasahau.

Ulisema unaweza kuurudisha mchezo nyuma, pale alipokuwa hai. Basi urudishe. Mnyang'anye bastola, mfungulie lile duka. Nikitoka misani nitakaa kando yako, nimtazame kidogo.

Bibi yako