Wimbo Baada ya Chakula

Miilya, Galilaya
26 Februari 2023

Mpendwa Mjomba Elkana,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Yerusalemu? Sisi huku ni wazima.

Najua hukutaka Nadim avuke kizingiti chako, na tangu tuoane, miaka mitatu sasa, simu zangu hupokei. Leo nina swali tu, na swali hujawahi kulikataa.

Mama mkwe wangu, Widad, husoma Injili na wanawake wa kanisa kila Jumanne. Jumanne iliyopita walifika pale Yesu na wanafunzi wanapomaliza chakula cha Pasaka, wakaimba, kisha wakaenda Mlima wa Mizeituni. Mimi nilikuwa nawamiminia kahawa. Nikauliza, "Waliimba nini?"

"Wimbo wa kanisa, mwanangu," akajibu mmoja.

"Kanisa lipi, jioni ile?"

"Haya, bibi arusi Myahudi atufundishe Injili." Wakacheka.

Nikawaambia kwamba wimbo huo naujua, kwamba wewe huuimba kila mwaka baada ya chakula cha Pasaka. Sasa wanataka ushahidi. Je, nilisema kweli?

Mpwa wako,
Tirza

Yerusalemu
12 Machi 2023

Tirza,

Salamu. Magoti ni ya mzee, yaache.

Ulisema zaidi ya unayoyajua. Nimekiazima kitabu chao maktabani, nikakifunika kwa gazeti ili jirani asiulize, nikaisoma Injili yote mara mbili. Huenda waliimba Zaburi ya 115 hadi ya 118, ambazo sisi huziimba baada ya mlo. Lakini utaratibu wa mlo wetu uliandikwa baadaye. Kwa hiyo waambie "huenda", usiwaambie "hakika".

Liko jambo jingine. Siku chache kabla ya chakula hicho, mtu wao anawatajia viongozi jiwe lililokataliwa na waashi, na kuwauliza kama hawajasoma. Jiwe hilo limo katika Zaburi ya 118. Nimeliimba miaka sabini. Nilitazamia kitabu kinikasirishe. Nimemkuta mtu wa nyumbani akibishana na watu wa nyumbani. Mahali pengi sikubaliani naye. Mama mkwe wako huielewaje sehemu hiyo?

Mjomba wako

Miilya
20 Machi 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Nimeisoma yako nikiwa nimesimama palepale posta.

Widad aliwasomea wenzake barua hiyo. Yule aliyenifanyia mzaha akasema, "Kumbe tumekuwa tukisoma barua za watu bila kuwajua wenyewe."

"Basi inuka ummiminie Tirza kahawa," Widad akamwambia. "Leo ni zamu yako."

Kuhusu swali lako, Widad anasema alifundishwa kwamba waashi ni Wayahudi wote. Sasa anaona kwamba aliyesema ni Myahudi, walioambiwa ni viongozi wake, na waliomfuata ni Wayahudi vilevile. Anaona haya.

Nadim anatamani kuzisikia zaburi hizo. Nimejaribu kumwimbia, ameniomba niache. Je, naweza kumleta?

Na kuna kosa limetokea. Widad amekutumia vileja vya tende kwa basi, zawadi ya Pasaka. Nilipojua, basi lilikuwa limeondoka. Ni vya ngano, Mjomba, na Pasaka iko mlangoni. Yeye hakujua.

Mpwa wako,
Tirza

Yerusalemu
30 Machi 2023

Tirza,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumba hiyo.

Vileja vimefika. Sijavila, kwa kuwa jiko la Widad halifuati sheria zetu za chakula, ila nimelifungua kopo vinukie. Kuvitupa siwezi: mwanamke huyo amelijibu swali langu kwa uaminifu kuliko nilivyotazamia. Kukaa navyo siwezi: siku saba za Pasaka hatumiliki chachu, na vileja vya ngano ni chachu. Sheria inaruhusu kumwuzia asiye Myahudi, na kila mwaka rabi hunifanyia kazi hiyo. Mwaka huu nitamwuzia Nadim mwenyewe, mkono kwa mkono: vileja, unga, na kabati zima.

Afike nawe Jumatano kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo mauzo hayafai. Chakula ni jioni. Zaburi zenyewe ni mwishoni, na mimi huziimba polepole, kwa hiyo mje na mavazi ya kulalia. Widad naye aje, kama magoti yake yanamruhusu.

Mweleze Nadim vizuri, asidhani ni mchezo. Kabati litakuwa lake kweli, na mwenye mali ana haki ya kuingia kuiangalia saa yoyote ya siku hizo saba. Kisheria sitaweza kumzuia mlangoni.

Mjomba wako