Jiwe Yenye Ilitoka mu Ndoo

Kwako yaya Véronique, dada yangu mukubwa, huko Kabalo,

Kama ule mama wa samaki mwenye anasafirika na treni alishafika kwako mbele ya barua hii, basi alishakuelezea habari ya nyumba yetu, na alikuelezea mubaya. Bote banaielezaka mubaya. Ku Shituru banasema niliuzisha kiwanja. Ku kanisa banasema jirani alituloga. Hapa ku kijiji banasema ni kinywa ya bibi yangu wa ndoa, Marcelline, njo ilibomoa nyumba. Weye usisikie mutu. Mwenye alikuwa chini mu shimo ni mi, na mi njo nitakuelezea sawasawa.

Lakini mbele ya yote, nakuamkia. Magoti inakusumbua tena? Na ile meno yako mbili yenye ilibakia, ingali inapendana ao ilishaachana? Shiye huku tuko wazima ya mwili. Ya roho, utasikia. Naandika na mukono yangu mwenye. Masomo sikufika mbali, unajua, ni mwalimu alinikimbia, lakini maandiko yangu iko munene, hata na macho yako ile utaisoma.

Unajua vile nilikuwaka ku usine ya Shituru, ile kiwanda ya kuyeyusha shaba. Bakubwa balikuwa na mashini ya kupima moto, lakini siku yenye mashini inakufa, banamuita nani? Naangalia moto na jicho moja, nasema, "Mungojee kidogo." Banangojea, mainjinia na bote. Sasa nilipozeeka nikamuambia Marcelline: tumeikala mu nyumba za bantu myaka yote, twende tujenge yetu. Chef wa kijiji moja, nyuma ya Kamatanda, akatupatia fasi. Nyasi, miti, na kichuguu moja kubwa kushinda nyumba ya padri. Bantu bengine banaona kichuguu banasikitika. Mi nilicheka, juu udongo ya kichuguu njo matofari yenyewe.

Tuliibomoa mu kipwa, wakati mvula haiko. Mi, Marcelline, na mutoto wetu Odette, ule bwana yake alikufa, na batoto yake batatu. Tulikanyaga udongo na miguu sawa bantu banacheza ngoma. Odette anatia mu kibao, anageuza, anapanga ku jua. Kisha nikapanga tanuru, nikaichoma siku tatu, na jicho moja. Matofari ikatoka nyekundu, ukiigonga inalia sawa kengele. Bantu balitoka mbali kuja kuigonga. Sawa, balikuwa bawili. Lakini balitoka mbali.

Taabu ilikuwa maji. Muto iko mbali, na kinga yangu, ile baiskeli unaijua, inabeba bidon za maji ine tu, mi nyuma nasukuma sawa punda. Bila maji hakuna matope, na bila matope kengele zangu zote zitabakia pale mu nyasi. Nikasema tuchimbe kisima. Mi nikashuka, Marcelline na Odette bako juu banavuta kamba. Tukafika kimo ya bantu batano. Kila ndoo, mavumbi.

Siku moja Marcelline akainama pa mudomo ya shimo. "Papa Odette, toka. Turudie ku muji."

"Maji iko karibu," nikamuambia. "Naisikia inakoroma sawa weye."

Hakucheka. Myaka makumi ine mu ndoa, Marcelline hajakosa kucheka nikimutania, hata siku tulizika mama yake. Siku ile hakucheka. Akaenda kuikala ku matofari, akafunika kichwa na kitambaa, akalia mupaka jua ikashuka.

Kesho yake asubuhi nikashuka tena. Ndoo ya tatu ikapanda, na kamba ikasimama. Kisha nikasikia Odette: "Mama, angalia hii."

Mu ndoo mulikuwa jiwe, sawa ngumi ya mutoto, rangi ya majani, inangaa. Weye wa Kabalo haujue, lakini huku hata mutoto wa maziwa anajua: ile rangi ni mukuba, shaba yenyewe. Marcelline akapiga magoti pale pale. Akaniitia mu shimo: "Papa Odette, Mungu ametuona."

"Ameona basi mi niko na mavumbi mu pua," nikajibu.

Sasa njo akacheka. Yaya, ningekuwa na kintu ya kufungia ile kicheko ningekutumia pamoja na barua. Akavuta kamba sawa kijana. Kiisha siku mbili, maji ikatoka, maji tamu, ya baridi. Tukafanya matope, tukajenga. Kuta zikapanda mupaka pa madirisha. Vyumba tatu na baraza. Moja ya vyumba ilikuwa yako, siku utakuja kutusumbua.

Siku ya Mungu Marcelline akafunga jiwe mu kitambaa, akaipeleka ku kanisa, akatoa ushuhuda mbele ya bote. Nilikuwa pembeni yake, nikasema amina sawa bengine. Kisha, pa fasi banauzishaka munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, mi pia nikaongeza kidogo. Nikasema mushipa ya mukuba chini ya nyumba yangu iko munene sawa paja ya pasteur. Na pasteur wetu ni mutu munene.

Hazikupita siku ine, bacreuseurs bakafika, bale banachimbaka mukuba na mikono. Mukubwa yabo ni kijana moja banamuita PDG, sawa vile banaitaka mukubwa wa kampuni, na buti, na taa ku kichwa mu jua kali. Chef wa kijiji alikuja naye, lakini alikuwa anaangalia viatu vyake tu.

"Muzee, jambo," PDG akasema. "Tumekuja kukusaidia."

"Asante. Muanze kubeba matofari."

"Muzee anapenda mchezo. Sisi tunakuja juu ya jiwe."

Balianzia pembeni ya kisima. Kisha mashimo yabo ikaingia chini chini sawa ya panya, ikaelekea nyumba. Juma ya pili, ukuta ya chumba yetu ikapasuka, toka dirisha mupaka chini, mukono yangu inaingia mule. Nikamuita PDG, nikaita na chef, na Marcelline alikuwa pale. Nikabaambia: "Hapa hakuna kitu. Ile jiwe ni mi niliitoa ku Kamatanda, kule banachimbaka mukuba. Niliibeba mu mufuko ya suruali, nikaitia mu ndoo." Nilisema vile, yaya, ili kubafukuza. Unajua ujanja yangu.

PDG akacheka mupaka akaikala chini. "Muzee, pa munkoyo ulisema paja ya pasteur. Leo unasema mufuko ya suruali. Shiye tukamate gani?" Bote bakacheka. Hata chef.

Marcelline hakucheka. "Papa Odette, usidanganye mbele ya Mungu juu ya kuokoa matofari. Mi njo nilivuta ile kamba."

 Mi, mwenye hata mainjinia balikuwa bananingojea niseme, nikarudia kuziba ule ufa na matope.

Ukuta ikaanguka kiisha siku tatu. Batoto balikuwa ku maji, Mungu asifiwe. Tunalala sasa chini ya shiti ya plastiki, tumeifunga ku ukuta yenye ilibakia. Bacreuseurs bengi balishaenda, juu habakuona hata punje moja ya rangi ile. PDG mwenye anataka kuenda. Na unajua nani anamukataza? Marcelline. Anamupikia bukari ya mahindi, anamuambia, "Mwanangu, chimba chini ya chumba, iko pale." Anasema Mungu hawezi kuonyesha mutu jiwe kisha kumucheka.

Na toka juma hii anashuka yeye mwenye. Na myaka yake, yaya, na mugongo yake ile. Anaingia mule chini na kitunga, anakokota udongo, Odette anasimama juu analia. Mawingu ilishaanza kusimama upande ya Shituru, na juzi tulipata matone ya kwanza. Weye haujue mashimo za huku zikinywa mvula, lakini mi najua, nilisaidiaka kutoa bantu balifunikwa mule. Nikamukamata mukono, nikasema, "Mama Odette, toka, nakuomba." Akaniangalia muzuri, bila kasirani. "Uliendelea kuchimba wakati mi nilichoka, na maji ikatoka. Leo ni zamu yangu."

Yaya, sina tena fasi ya kupiga hodi. Kamata treni ya kwanza yenye itapita. Iko neno moja ya kumuambia Marcelline, na kwa kinywa yangu hawezi kuiamini, ilishaonekana. Lakini yeye anajua weye njo unanijua, toka siku nilikula samaki ya baba nikasema ni paka aliikula. Ukimuambia weye, atatoka mule. Ile neno nitaiandika huku chini, kiisha salamu.

Salimia shemeji, umuambie nyavu yake ingali inashika samaki kidogo kuliko kinywa yangu. Salimia mujomba wetu katekista, aniombee, lakini asiulize juu ya nini. Salimia binti yako mukubwa na mapacha yake, na ule mujane wa kaka yetu mudogo. Chumba yako haina ukuta, lakini mulango tuliisimamisha, utapita mule sawa malkia.

Mudogo yako mwenye anakuchokozaka toka zamani,
Papa Odette

Ile neno njo hii. Pale juu nilikuandikia sawa vile jiwe ilitoka chini ya shimo, na sawa vile nilimudanganya PDG. Kwa PDG njo nilisema kweli. Niliiokota ku Kamatanda, pembeni ya njia, pale kinga ilitoka munyororo. Marcelline alikuwa amelia siku muzima, yaya. Nilitaka tu acheke, kisha nimuambie magaribi. Magaribi ikafika, na alikuwa angali anacheka.