Feni Ilipozimika Nikiwa Bado Nasema

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usiisukume barua hii kwenye ukurasa wa mafundi, kwa sababu ni kweli naanza na kompyuta lakini siishii hapo, ila nikianza na jambo lenyewe nitalia na karatasi italowa.

Mimi ni mchora ramani za nyumba. Nachorea nyumbani, kwa kompyuta ya mezani ambayo mume wangu aliiunda mwenyewe kipande kwa kipande, leo kasha, mwezi ujao bodi, baadaye prosesa, yaani ubongo wake, ikakaa kando ya kitanda chetu kama jamaa aliyekuja kutembea akanogewa. Tunaishi vyumba viwili, na kusema kweli ni kimoja kilichokatwa kwa plaiwudi, upande huu mimi na mume wangu, upande ule mama mkwe wangu, na plaiwudi yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba mama akijigeuza kitandani tunajua ameelekea wapi. Mama ni mtu mwema, sitaki umfikirie vibaya, alimlea mume wangu peke yake kwa kazi ya kupiga pasi kwa dobi, na mimi ananiita mwanangu bila kujilazimisha.

Sasa mshauri, ramani ikikamilika huwa naiamuru kompyuta iigeuze iwe picha, ili mteja aione nyumba yake kana kwamba imeshajengwa na jua linaingia dirishani, sisi tunasema inapika, na hapo ndipo prosesa inapopata moto na feni iliyo juu yake inaanza kuvuma, inavuma hadi kikombe kinatetemeka mezani. Wengine ingewaudhi. Kwetu ilikuwa pazia. Ikishaanza tu, mume wangu anaacha alichokuwa akifanya anakuja kujilaza kando yangu, na picha inapojitokeza kidogo kidogo, kwanza paa, kisha kuta, kisha mwanga, sisi tunahamia humo kwa maneno. Tunanong'ona. Hapa tutaweka kiti chako, hapa tutaacha wazi tu, hapa nitapanda ua linalotambaa, na mlango huu hatutaufunga kwani nani atatuona. Nyumba za watu zote zilizopita mikononi mwangu nimeshalala ndani yake, mshauri, nimeshafungua madirisha yake asubuhi, nimeshatembea peku kwenye sakafu zake za baridi, halafu picha inakamilika, feni inatulia, na tunarudi kwetu polepole kama watu walioamshwa. Sijui kama unanielewa. Hicho ndicho kilikuwa kipindi kizuri cha siku yangu.

Tatizo ni kwamba feni imechoka. Ilianza kukwaruza, mara inavuma, mara inasita, na Jumamosi moja alasiri, mvua imetoka kukatika, nilikuwa napika picha ya nyumba ndogo ya watu waliooana karibuni, sebule, chumba kimoja na kibaraza, basi. Niliipenda mpaka kifua kikajaa. Feni ilikuwa inapiga kelele kuliko siku zote, kwa hiyo nikapaza sauti ili mume wangu anisikie, nikamuuliza kama anajua uzuri wa nyumba hii ni nini, na pale pale joto likazidi, kompyuta ikajizima, kimya kikaanguka chumba kizima, na maneno yalikuwa yameshanitoka mdomoni.

"Haina chumba cha mama."

Mume wangu akacheka, kwa mazoea tu, na kicheko nacho kikasikika chote. Ng'ambo ya plaiwudi, kijiko kilichokuwa kinakoroga chai kikasimama.

Hakuninunia, mshauri, na ingekuwa nafuu angeninunia. Tangu siku ile, sisi tukiingia chumbani tu, anafungua redio kwa sauti ya juu, hata kama ni mtu anasoma bei za mazao, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Saa nyingine anabeba kiti anakwenda kukaa nje, anasema ndani kuna joto, na siku zenyewe ni hizi za baridi. Akirudi ananiuliza kama nimekula.

Mume wangu anashikilia kwamba mama hakusikia, na akishasema hivyo anarudi kwenye linalomhangaisha yeye, ambalo ni kuchagua kipoza kipya cha prosesa, maana fundi wa mtaani alisema kile chuma kinachonyonya joto na feni yake vyote vibadilishwe. Anaota vipoza. Kuna kirefu kama jengo, chenye feni mbili, wanasema hukisikii hata ukitega sikio, kuna cha maji, chenye mipira na taa za rangi, na kuna kifupi cha bei ya chini kama tulichonacho, na kelele zake zote. Yeye anataka cha kimya. Mimi nilikuwa nakiogopa hicho cha kimya, kwani tukikifunga pazia letu limekwenda, ila sikumwambia mtu. Basi juzi tumekaa wote watatu tunakula, mume wangu anaeleza faida za kompyuta isiyo na kelele, mama akaweka kikombe chini akasema taratibu, "Chukueni chenye kelele, wanangu. Hazinisumbui. Nikizisikia najua mna furaha."

Niliinuka nikakusanya vyombo kabla hatujamaliza. Sasa hivi nikilala naiota ile nyumba ndogo, naota mama yuko kibarazani amekaa kwenye kiti chake, ameshika mkoba, na hagongi mlango. Mshauri, tununue kipi? Kila ninachotaka kukichagua naona kama ninamchagulia mama mahali pa kukaa.

Mchora ramani

*

Mchora ramani,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilikwenda kunywa maji kwanza. Tuanze na chuma, maana huko ndiko kwepesi.

Nilimuuliza fundi anayetuhudumia kompyuta hapa gazetini, naye alianza kwa kuguna. Anauliza: kabla mumeo hajaanza kuota majengo, amewahi kufungua kasha akatoa vumbi? Na ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, imebadilishwa tangu kompyuta izaliwe? Ikikauka, hata uweke kipoza cha ikulu hakisaidii. Ila feni inayokwaruza imeshaaga, hiyo iondoeni. Mumeo achukue rula, apime kutoka usoni mwa prosesa hadi kifuniko cha ubavuni, kwa sababu vipoza virefu vimewaacha wengi na kompyuta isiyofungika. Ahakikishe kinashika kwenye bodi yenu, maana si kila kipoza kinaingia kila bodi, na asome kinamudu joto kiasi gani, kwani wewe si mtu wa kuandika barua mbili ukazima. Cha maji mwambie aachane nacho, mtanunua taa za kuangalia na pampu ya kuhangaikia. Chukueni cha wastani chenye feni moja pana. Feni pana haihitaji kukimbia, ndiyo maana haipigi kelele.

Umeona nimekuchagulia cha kimya. Nimefanya kusudi.

Mama mkwe wako alisikia. Mumeo anajua alisikia, yeye ndiye aliyecheka, na sasa anajificha nyuma ya vipimo. Maji yakishamwagika hayazoleki, kwa hiyo usithubutu kwenda kumwambia kwamba hukumaanisha. Ulimaanisha. Ukimpa uongo mzuri ataupokea kwa adabu, na kesho yake redio itakuwa juu vilevile.

Wala usijichape kupita kiasi. Kutaka mlango wako mwenyewe si dhambi. Sijamwona mwanamke aliyeishi nyuma ya plaiwudi asijenge nyumba kichwani, na mimi yangu ilikuwa ya ghorofa. Kosa lako liko kwingine, mwanangu. Mmehamia nyumba zote hizo, mmepanga viti, mmepanda maua, na katika kunong'ona kote huko hamkujiuliza hata siku moja aliye upande wa pili anafanya nini muda huo. Alikuwa anakoroga chai yake, peke yake. Halafu mlipomuumiza, badala ya kulalamika, akaona mnahitaji pazia, akaenda kukaa kwenye baridi ili mlipate. Kama hilo halikuoneshi umeolewa katika nyumba ya mtu wa namna gani, basi hakuna kipoza kitakachokusaidia.

Sasa fanya hivi. Kipoza kipya kikishafungwa, siku hiyo usipike picha ya mtu yeyote. Nenda kwa mama, na mumeo aende pia, asikutume. Mwombe azime redio. Mwambie: "Mama, nilisema na ulisikia. Nimekuumiza, nisamehe. Tunataka mahali petu, na hatutaki kukupoteza." Mumeo naye aseme yake, na aiseme akiwa amemtazama usoni. Yanatosha. Usiongeze machozi mengi, utamfanya akubembeleze wewe, na zamu hii si yako.

Kisha muulize swali ambalo nahisi hajaulizwa tangu mumeo yuko mgongoni: yeye angependa kuishi vipi. Mnadhani ni ninyi tu mnaochoshwa na ule ukuta. Amevumilia feni, minong'ono na vicheko vyenu kwa muda wote huo bila mlango wake mwenyewe, huenda naye kila mkianza kuhama alikuwa anahama, na anajua hata dirisha lake linatazama wapi. Kaa chini na karatasi na penseli, umsikilize mpaka amalize, usimkate kauli kumwonesha unavyompenda.

Na akikuambia nyumba yake ina chumba kimoja tu, cha kwake peke yake, usinune. Mchoree.