Wazee Sita na Mashine ya Kanda

Mlowo, 9 Agosti 1974

Mdogo wangu Rubeni,

Salamu nyingi huko Kitwe. Huku kahawa tumechuma, mgongo unauma, na masikio yangu yamezidi kuziba.

Mwalimu Stumai wa elimu ya watu wazima alituletea mashine ya kanda. Alitukusanya wazee sita tusiosikia vizuri, akasema, "Somo hili la afya ni lenu. Niambieni jinsi ya kulirekodi."

Wiki nzima tulirudiarudia kurekodi na kusikiliza mpaka tukachoka. Mzee Yonathani alitaka ngoma iliyopigwa nyuma ya sauti ya mwalimu iondolewe, kwa kuwa inameza maneno. Mimi nikasema, "Mwalimu, usituulize kama tumesikia. Tutaitikia tu kwa aibu."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Nyamaza kidogo, mtu aseme mwenyewe alichosikia."

Akaniuliza nimejuaje. Ndipo nikamweleza jambo ambalo hata wewe sikukuandikia. Mwaka jana, pale zahanati, nilielekezwa namna ya kumpa shemeji yako dawa. Sikusikia. Niliitikia "ndiyo" mara tatu, nikaenda kumpa zote asubuhi moja. Hakufika jioni. Ninyi nyote mnadhani ilikuwa homa.

Stumai alizima mashine, akanishika mkono. Baadaye tukaanza upya. Sasa kanda inasikilizwa mpaka Ikinga, na kila baada ya maneno machache sauti inasimama, inamngoja mzee aseme.

Nimechoka kulificha, Rubeni. Kama una hasira, niandikie hivyo hivyo. Macho yangu bado yanasoma.

Ni mimi dada yako,
Ketrina