Kidirisha Kinachouliza

Mpanda, 4 Machi 1998

Mpwa wangu Feisal,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, ila bibi yako magoti yanamsumbua. Nyie na joto lenu la Dar mnaendeleaje?

Hiyo kompyuta uliyotuletea kwa treni, umeipakata kama mtoto mchanga, inanitia kinyaa. Kila nikiingiza bidhaa, kidirisha kinachomoza: "Una uhakika?" Mimi! Duka hili nalisimamia tangu hujazaliwa. Nikisema chumvi imeingia, imeingia. Jana Ngolo, yule mfugaji wa Litapunga, kaja kununua chumvi ya ng'ombe, akakisoma kwa sauti: "Mzee Mbaruku, hata mashine yako haikuamini!" Duka zima likacheka. Mkubwa haulizwi hivyo, mwanangu. Kitoe.

Mjomba wako,
Mbaruku

Dar es Salaam, 23 Machi 1998

Mjomba,

Waalaykum salaam, na shikamoo. Bibi ajikande maji ya moto. Mimi mzima wa mwili, moyo ndio umechafuka.

Madirisha yale na batani zake nimezipanga mwenyewe, moja moja. Mwalimu wangu wa kompyuta anasema lazima programu iulize, kwa sababu mtumiaji ni mjinga, anabonyeza ovyo. Nikikitoa, nafeli. Na cheti sipati bila barua yako kwamba programu inafanya kazi dukani. Bonyeza tu "Ndiyo", mjomba, kisha uniandikie hiyo barua. Mwaka wangu mzima uko mikononi mwako.

Mpwa wako,
Feisal

Mpanda, 15 Aprili 1998

Feisal,

Salaam. Bibi kajikanda, magoti ni yale yale.

Kumbe mtumiaji mjinga ndiye mimi! Aka! Mtu unampeleka akasome, anarudi kukufundisha kusema ndiyo. Nimeifunika kwa gunia, sitaki hata kuiona. Usiniandikie tena mpaka kitoke.

Mbaruku

Dar es Salaam, 2 Juni 1998

Mjomba,

Shikamoo, hata kama huitikii. Natumaini bibi anatembea.

Mwezi huu mwalimu anafunga orodha ya majina ya watakaopata cheti. Nisamehe kwa neno la mjinga, sikukulenga wewe. Lakini na mimi umenichefua. Kitu cha kwanza nilichotengeneza maishani unakitemea mate kwa sababu Ngolo kacheka.

Mpwa wako,
Feisal

Mpanda, 17 Juni 1998

Mpwa wangu,

Marahaba. Bibi anakusalimu, juzi katembea mpaka sokoni.

Jana nilitoa gunia ili niifute takataka yote. Nikabonyeza "Futa Vyote". Kikachomoza: "Una uhakika?" Wallahi, kwa mara ya kwanza kimeuliza swali la maana. Nikamwita Ngolo aje akisome kwa sauti, watu wasikie, nikajibu "Ndiyo". Chumvi, sukari, sabuni, vyote vikaenda, hakikubaki hata kiberiti. Safari hii aliyecheka ni mimi.

Mashine njoo uichukue, bado inanitia kinyaa. Barua ya mwalimu wako nimeiweka humu ndani. Nimemwandikia kwamba programu ya mpwa wangu inafanya kazi, na inafuta vizuri sana.

Mwambie tu asije akaniuliza kama nina uhakika.

Mjomba wako,
Mbaruku